Kimoldova au Kiromania? Jina la lugha na tuhuma ya mkono wa nje

Tarehe 7 Aprili 2009, siku mbili baada ya uchaguzi wa wabunge, vijana waliingia kwa nguvu katika jengo la bunge na jengo la urais mjini Chișinău, mji mkuu wa Moldova. Walivunja vioo, wakatupa viti na makaratasi nje, na sehemu ya bunge ikashika moto. Kwenye jengo la urais zilipandishwa bendera mbili: ya Umoja wa Ulaya na ya Romania. Rais Vladimir Voronin hakukawia kutoa maelezo yake. Kwake yeye haikuwa hasira ya wapiga kura, ilikuwa njama ya nchi jirani. Balozi wa Romania alifukuzwa, na raia wa Romania, waliokuwa wakiingia Moldova bila viza, wakaanza kudaiwa viza.

Walioandika juu ya siku zile wengi wao walivutiwa na Twitter. Vijana walitumia alama #pman, yaani herufi za kwanza za jina la uwanja mkuu wa mji kwa lugha yao, na waandishi wa habari wa nje wakafurahi kupata mapinduzi yenye jina jipya. Mimi nataka kuzitazama siku hizo kwa upande mwingine, unaotuhusu zaidi sisi wa idara ya lugha. Tuhuma ya rais haikuzaliwa usiku mmoja. Ilikuwa imeandaliwa kwa miaka mingi katika vitabu vya sarufi, katika kamusi, na katika ibara moja ya katiba. Anayetaka kuelewa kwa nini bendera moja ilitosha kufunika swali la kura, na aanze na jina la lugha.

Moldova ni nchi ndogo kati ya Romania na Ukraine. Eneo lake ni kilomita za mraba kama 33,800, karibu nusu ya Kivu ya Kusini, na wakaaji wake leo ni kiasi cha milioni 2.4. Ardhi hiyo ilikuwa sehemu ya utawala wa zamani wa Moldavia, uliopasuliwa mwaka 1812 Urusi ilipochukua upande wa mashariki na kuuita Bessarabia. Mwaka 1918 Bessarabia ikaungana na Romania; mwaka 1940 Wasovyeti wakaichukua. Upande wa magharibi wa Moldavia ile ya zamani umo ndani ya Romania hadi leo. Kwa hiyo watu wa kingo zote mbili za mto Prut wanasema namna moja. Mtu wa Iași, upande wa Romania, na mtu wa Chișinău wanaelewana bila shida yoyote. Wa Chișinău ana maneno zaidi ya Kirusi katika mazungumzo ya sokoni, na lafudhi yake hutambulika, lakini wakiandika gazeti wanaandika lugha ile ile.

Basi jina "Kimoldova" lilitoka wapi kama jina la lugha ya pekee? Neno lenyewe ni la zamani, wakulima walilitumia tangu kale kwa usemi wao, kama sisi tunavyosema "Kiswahili cha Bukavu" bila kufikiri kwamba tumeanzisha lugha. Kazi ya kulifanya lugha yenye sarufi yake ilianza mwaka 1924. Mwaka huo Wasovyeti, ambao hawakukubali kuipoteza Bessarabia, waliunda jamhuri ndogo yenye madaraka ya ndani upande wa pili wa mto Dniester, ndani ya Ukraine, wakaiita ya Kimoldova. Jamhuri hiyo ilihitaji taifa, na taifa lilihitaji lugha isiyo ya Bucharest. Leonid Madan alitunga sarufi iliyofuata usemi wa vijijini, pamoja na maneno mapya ya kukwepa yale ya Romania, katika alfabeti ya Kisirili. Halafu, mwaka 1932, siasa ikageuka: amri ilitoka kwamba iandikwe kwa alfabeti ya Kilatini. Mwaka 1938 ikageuka tena, wakarudi kwenye Kisirili, na wengi waliokuwa wametumikia alfabeti ya Kilatini walikuwa wamekamatwa kama maadui wa umma. Katika miaka 14 lugha moja ilibadilishiwa mwandiko mara mbili, na kila mara aliyeandika kwa herufi za jana akawa mtu wa kushukiwa leo. Sijui mfano ulio wazi zaidi wa kile walimu wetu wanachokiita upangaji lugha. Kwa kawaida tunafundishwa neno hilo kana kwamba ni kazi ya kamati na chai.

Ili msomaji wa hapa aone vizuri, afikirie jina la Kingwana. Wakoloni na wamisionari waliita hivyo Kiswahili cha mashariki ya Kongo, wakachapisha vitabu kwa jina hilo. Kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili ilikuwa ya makoloni ya Waingereza, Kongo haikuwamo. Tuseme sasa Wabelgiji wangeendelea: wangeandika kwenye sheria kwamba lugha ya mashariki ni Kingwana, wakaipa tahajia yake, wakatunga kamusi ya Kingwana na Kiswahili, na mwalimu aliyesema darasani "hiki ni Kiswahili" angeandikwa kuwa mtu wa Waingereza. Kwetu jambo hilo halikukua. Katiba ya mwaka 2006 inataja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba, na hakuna anayeona kwamba tumejiuza Dar es Salaam. Huko Moldova lilikua.

Tarehe 31 Agosti 1989, Umoja wa Kisovyeti ukiwa bado unasimama, bunge la Chișinău lilipitisha sheria ya kuifanya lugha ya wenyeji kuwa lugha ya dola na kurudisha alfabeti ya Kilatini. Siku hiyo ni sikukuu hadi leo. Azimio la uhuru la tarehe 27 Agosti 1991 linaitaja lugha hiyo kwa jina la Kiromania. Lakini katiba ya mwaka 1994, katika ibara ya 13, ilisema lugha ya dola ni Kimoldova kinachoandikwa kwa alfabeti ya Kilatini. Hati mbili za msingi za nchi moja zikawa na majina mawili.

Watu wa kawaida waliishije katika hali hiyo? Waliikwepa. Walisema "lugha ya dola", au "lugha yetu". Sikukuu ya 31 Agosti iliitwa "Lugha Yetu". Wimbo wa taifa nao una jina hilo hilo. Ni shairi la Alexei Mateevici, na ingawa lote ni sifa kwa lugha, halitaji hata mara moja ni lugha gani. Shuleni somo liliitwa Kiromania, hata chini ya serikali iliyotetea Kimoldova. Kwa mwanafunzi wa isimujamii huu ni utajiri mtupu: nchi nzima imejifunza kusema juu ya lugha yake bila kuitaja. Lakini kwa mwenye kuishi ndani yake si mchezo. Anayelazimika kuchagua jina, mbele ya karani wa sensa kwa mfano, anajua kwamba hajibu swali la lugha tu. Akisema Kiromania, kuna watakaosikia "Bucharest". Akisema Kimoldova, kuna watakaosikia "Moscow".

Chama cha Kikomunisti cha Voronin kilishinda uchaguzi wa mwaka 2001. Mwanzoni mwa mwaka 2002 serikali yake ilipotaka Kirusi kiwe somo la lazima shuleni, maelfu waliandamana Chișinău kwa majuma, na mpango ukasimamishwa. Mwaka 2003 ikatoka kamusi ya Kimoldova na Kiromania iliyotungwa na Vasile Stati. Wanaisimu wa Akademia ya Sayansi ya nchi yenyewe waliikataa, na ni rahisi kuelewa kwa nini: kamusi ya lugha mbili inayofafanua maneno kwa watu ambao tayari wanayaelewa haina msomaji. Kazi yake ilikuwa kuwapo rafuni, iwe ushahidi kwamba lugha ni mbili.

Hapa lazima niweke neno la haki. Voronin hakuwa kibaraka wa Moscow kwa namna rahisi ambayo wapinzani wake walipenda kusema. Mwezi wa Novemba 2003 Urusi ilileta mpango, unaojulikana kwa jina la Dmitri Kozak, wa kuigeuza Moldova kuwa shirikisho ambalo ndani yake jimbo lililojitenga la Transnistria lingekuwa na nguvu ya kuzuia maamuzi makubwa, na jeshi la Urusi lingebaki. Yeye aliukataa katika dakika za mwisho. Mwaka 2006 Urusi ikafunga soko lake kwa mvinyo wa Moldova, bidhaa ambayo nchi hiyo iliitegemea sana. Mtu mmoja aliweza kutetea jina la Kimoldova na pia kumkatalia Putin. Jina la lugha halikuonyesha utii wake. Kwa nini basi lionyeshe utii wa mwanafunzi aliyeandamana?

Turudi kwenye Aprili 2009. Uchaguzi ulifanyika tarehe 5. Wakomunisti walipewa asilimia 49.48 ya kura na viti 60 kati ya 101. Rais alichaguliwa na bunge, kwa kura 61. Kiti kimoja kilikosekana, na ndiyo maana kila kura ilikuwa na uzito. Wapinzani walilalamikia hasa orodha za wapiga kura: walisema mna majina ya waliokufa, na ya watu wanaofanya kazi Italia au Urusi ambao hawakurudi kupiga kura. Tarehe 6 vijana walikusanyika kwa amani. Tarehe 7 walikuwa zaidi ya elfu kumi, na ghasia zikatokea. Usiku ule polisi walisafisha uwanja. Mamia walikamatwa, wengi wakapigwa katika vituo vya polisi. Kijana mmoja wa miaka 23, Valeriu Boboc, alikufa. Baadaye, serikali ilipobadilika, afisa wa polisi alihukumiwa kwa kifo hicho.

Kura zilihesabiwa upya, matokeo yakabaki karibu yale yale. Wapinzani hawakushiriki, na sababu yao ilikuwa ya maana: kama tatizo ni majina yaliyomo katika orodha, kuhesabu upya karatasi zile zile hakuligusi.

Angalia sasa bendera ile ilifanya kazi gani. Kulikuwa na maswali yanayoweza kupimwa. Orodha zina majina mangapi yasiyostahili? Nani alitoa amri ya kupiga watu waliokwisha kukamatwa? Kwa nini polisi hawakulinda bunge? Maswali hayo yalihitaji makaratasi, mashahidi, tarehe. Badala yake likawekwa swali moja kubwa: je, nchi itamezwa na Romania? Swali hilo halihitaji ushahidi kwa sababu jibu lake lilikuwa limekwisha kuandaliwa. Waandamanaji walipiga kelele kwa lugha gani? Kwa lugha ile ile ya Bucharest. Basi, imethibitika! Ukiwa umefundisha kwa miaka kwamba kuiita lugha Kiromania ni nusu ya uhaini, siku ya ghasia huhitaji kutafuta nusu nyingine.

Romania haikuwa mtazamaji tu, na sitaki mtu adhani nafuta siasa yake. Mwezi huo huo wa Aprili Rais Traian Băsescu alirahisisha masharti ya uraia kwa watu ambao wazee wao walikuwa raia wa Romania kabla ya vita, na hao ni Wamoldova wengi sana. Unaweza kuliita hilo msaada kwa ndugu au kujiingiza katika mambo ya jirani. Vyovyote utakavyoliita, lilikuwa sheria iliyochapishwa wazi, yenye masharti ambayo kila mtu anaweza kuyasoma na kuyabishia. Hivyo ndivyo ushawishi wa nje unavyopaswa kujadiliwa. Lafudhi ya mtu haina masharti ya kusoma.

Bunge jipya lilijaribu mara mbili kumchagua Zinaida Greceanîi kuwa rais, tarehe 20 Mei na 3 Juni. Mara zote mbili alipata kura 60. Ile ya 61, iliyoitwa "kura ya dhahabu", haikutoka kwa mpinzani hata mmoja. Bunge likavunjwa, na tarehe 29 Julai Wakomunisti wakapata viti 48, vyama vinne vya upinzani 53. Miezi minne baada ya moto, serikali ilibadilika kwa kura.

Kwa nini niwachoshe wasomaji wa Kongo na habari za Moldova? Kwa sababu kipimo kile kile kinatumika kwetu, na kwetu kinaua. Mimi ni mzaliwa wa Uvira. Tangu utoto nimesikia watu wakitakiwa kutamka neno fulani ili ijulikane "ni wa upande gani", kama watu wa Efraimu kwenye vivuko vya Yordani katika kitabu cha Waamuzi. Kinyarwanda kilisemwa Rutshuru kabla ya mpaka kuchorwa mwaka 1910. Kibemba kiko pande zote mbili za mpaka wa Zambia, Kikongo kiko Angola na Kongo-Brazzaville, Kizande kiko Sudan Kusini na Afrika ya Kati. Karibu kila lugha ya pembezoni mwa nchi yetu ina ndugu ng'ambo. Mkongomani anayesema Kibemba haulizwi na mtu yeyote kama anatumwa na Lusaka.

Najua jibu nitakalopewa, nimelipata kantini zaidi ya mara moja: "Lakini Rwanda imetuvamia kweli." Ni kweli. Msaada wa jeshi la Rwanda kwa M23 umeandikwa katika ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa. Lakini tazama wataalamu hao wanaandika nini: vikosi, silaha, picha za angani, majina ya makamanda, tarehe za kuvuka mpaka. Hakuna ripoti inayosema "tumetambua mkono wa nje kwa irabu ndefu". Mwanaisimu anaweza kusema kwamba lugha mbili zinaelewana, na kwa kiasi gani. Swali la nani anamlipa nani liko nje ya fonolojia, na sisi tuliosoma fonolojia ndio tunaopaswa kulisema hilo kwa sauti, maana wengine wanadhani ni elimu yetu inayowapa kipimo hicho.

Moldova yenyewe imetoa tangu hapo mfano wa mkono wa nje unaoonekana. Tarehe 20 Oktoba 2024 wananchi waliulizwa kama lengo la kuingia Umoja wa Ulaya liandikwe katika katiba. "Ndiyo" ilipata asilimia 50.35, tofauti ya kura takriban 10,500 nchi nzima pamoja na walio ugenini. Kabla ya siku hiyo polisi ya Moldova ilikuwa imetangaza kwamba watu zaidi ya 130,000 walipokea fedha kupitia benki ya Kirusi, katika mtandao wa Ilan Shor, mfanyabiashara aliyehukumiwa miaka 15 bila kuwapo mahakamani kwa wizi mkubwa wa benki za nchi hiyo, na ambaye anaishi Moscow. Unaweza kuibishia hesabu hiyo, unaweza kutaka kuona orodha, lakini kuna kitu cha kubishia: akaunti, kiasi, tarehe. Wapokeaji walikuwa wa lugha zote.

Serikali ya Maia Sandu nayo haikosi kishawishi. Mwaka 2022 ilisimamisha leseni za vituo sita vya televisheni, na katika uchaguzi wa 2024 Wamoldova wa Urusi, ambao ni wengi, walifunguliwa vituo viwili tu vya kupigia kura, vyote Moscow. Serikali ilitaja sababu za usalama. Anayeishi Siberia hakuhitaji kupokea rushwa yoyote ili ajione ameshukiwa.

Swali la jina kwa upande wa sheria limekwisha. Tarehe 5 Desemba 2013 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba azimio la uhuru lina nguvu juu ya ibara ya 13, na Machi 2023 bunge likaamuru neno "Kiromania" liwekwe katika sheria zote pamoja na katiba. Wanaisimu wengi walifurahi. Mimi naona sheria imesema kweli, lakini sipendi sana kuona kweli ya isimu ikingoja wingi wa viti.

Upande wa pili wa Dniester halijakwisha. Transnistria, iliyojitenga kwa vita mwaka 1992 na yenye wanajeshi wa Urusi hadi leo, inashika jina la Kimoldova kwa alfabeti ya Kisirili. Shule zilizofundisha kwa herufi za Kilatini zilisumbuliwa kwa miaka, nyingine zikavamiwa na polisi mwaka 2004. Tarehe 19 Oktoba 2012 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, katika kesi ya Catan na wenzake, iliiona Urusi kuwa na hatia ya kuvunja haki ya watoto hao ya kusoma, kwa sababu utawala wa huko unaishi kwa msaada wake. Moja ya shule katika kesi hiyo ni ya Grigoriopol. Mwaka 2002 ilihamishiwa kijiji cha Doroțcaia, kilomita kama 20, upande unaotawaliwa na Chișinău, na wanafunzi wakawa wanapelekwa kila siku kwa basi. Kwenye kizuizi walishushwa, wakaonyesha vitambulisho, na mabegi yao yakafunguliwa.